Swali la 7(b)

7(a)

Je, umewahi kusikia sauti ya mtu ikikuita au ikisema nawe, wakati hapakuwa na mtu?

[ ] Ndiyo     [ ] Hapana

*Akijibu Hapana, ruka hadi swali la 8.*

1

TANGAZO

Wakazi wote wa Mtaa wa Kiwandani mnaarifiwa kuwa kuanzia Jumanne wadodosaji wa utafiti wa afya ya akili watapita nyumba kwa nyumba. Majina hayataandikwa. Majibu ni siri. Wenye mbwa mnaombwa kuwafunga.

2

Mdodosaji mwenyewe ndiye mimi. Naitwa Sikudhani Mkude, miaka ishirini na saba, kitambulisho shingoni, viatu vya kuazima.

Siku ya mafunzo tulihojiana wenyewe kwa wenyewe. Nilipoulizwa 7(a) nilijibu Hapana haraka mno, mpaka mwenzangu akasema, "Hata sijamaliza kusoma!"

Nilidanganya. Bibi yangu alifariki nikiwa na miaka kumi. Nilipotimiza kumi na moja akaanza kuniita. Mara mbili tatu kwa mwezi, mchana kweupe, nikiosha vyombo au nikichambua mchele: *Siku! Siku wee!* Basi, hana la zaidi. Na mimi, kwa malezi yake mwenyewe, naitika.

Abee.

Kimoyomoyo.

3

Yaliyosikika kwenye foleni ya maji:

"Si mpwa wake Kondo yule?"

"Kondo yupi?"

"Aliyefungwa kamba mwaka ule akapelekwa hospitali. Alikuwa anagombana na ukuta."

"Loo! Na ndiye anayeolewa na Hamidu, fundi mageti?"

"Ndiye. Damu ile, shoga, haina…"

4

*Hamidu,*

*Usiniulize sababu. Tuyaache mambo ya ndoa. Hujanikosea kitu. Ni mimi ambaye*

(Imeishia hapo. Imekunjwa mara nne. Iko mkobani, chini ya madodoso. Apewe Ijumaa.)

5

Majibu ya 7(a), nyumba ya 1 hadi ya 10:

Hapana.

Hapana.

Hapana, mimi nimeokoka.

Ndiyo. Marehemu mume wangu. Anakohoa. Kukohoa nako kunahesabika?

Hapana.

Nani kakutuma?

Ndiyo, ila nilikuwa na homa.

Hapana.

Ndiyo. (Mwalimu wa hesabu. Alifunga mlango kwanza.)

Hapana. Hapana kabisa. Subiri. Andika Ndiyo.

6

Nyumba ya 11 ni bucha. Bwana Mloka, muuza nyama, alikuwa ananoa kisu. Tulikuwa swali la 5, la usingizi, na ndipo

*Siku! Siku wee!*

"Abee!"

Kwa sauti. Mbele ya mtu. Kalamu ikanidondoka. Niliona aibu, nikaogopa, nikaiona kamba ya mjomba Kondo.

Bwana Mloka akaweka kisu chini, akafuta mikono.

"Umeitwa?"

Niliinama kuokota kalamu.

"Mimi huitwa na marehemu kaka yangu, mwanangu. Mwaka juzi niliitika *Naam!* hapa hapa, bucha limejaa. Watu wakanitazama. Nikamgeukia mama mmoja: naam, mama, kilo ngapi? Akasema yeye hajafungua mdomo. Nikampimia hivyo hivyo!"

Alicheka mpaka akashika meza. Na mimi nikacheka, machozi yananitoka. Miaka yote ile nilidhani niko peke yangu.

"Andika Ndiyo," akasema. "Tuendelee."

7

Daktari Ansila Mgaya, msimamizi wetu, ofisini kwake, nilipomweleza habari za bibi:

"Kaa, Siku. Ni kama presha. Kila mtu anayo. Ya wengi haisumbui, ya wengine hupanda ikashuka, na wapo wanaohitaji dawa, nao ni watu kama sisi. Bibi anakuamuru kitu?"

"Hapana."

"Anakutisha?"

"Hapana."

"Unalala?"

"Fofofo."

"Basi. Mambo yakibadilika, njoo siku hiyo hiyo, usisubiri. Na mjomba?"

"Yuko Kilosa. Anatumia dawa. Analima nyanya."

"Umemsalimia lini mara ya mwisho?"

Nilimpigia jioni ile. Alinisimulia habari za nyanya mpaka salio likaisha.

8

Wewe unayesoma, usijifanye unapita tu. Majina hayaandikwi, na mbwa amefungwa. Swali ni lile lile la mwanzo. Penseli inatosha.

[ ] Ndiyo     [ ] Hapana

9

Ijumaa.

Barua niliwashia jiko asubuhi.

Nikaenda karakana kwake Hamidu. Hamidu alikuwa anachomelea geti. Nikamngoja azime mashine, nikamwambia yote kwa mkupuo: bibi, mjomba, barua, Abee ya buchani. Nilipomaliza nilijihisi mwepesi, kama niliyetua ndoo ya maji kichwani. Hata angesema tuachane, ningelia, lakini ningelia nikiwa mzima.

Akavua miwani. Akaifuta, ingawa ilikuwa safi. Uso wake sikuweza kuusoma.

7(b)

*Kama ni Ndiyo: sauti hiyo ilisema nini?*

(Miaka kumi na sita. Hakuna aliyewahi kuniuliza hili.)

Hamidu akageuza ndoo tupu, akanikalisha. Yeye akaketi chini, kwenye vumbi la chuma.

"Na huyo bibi," akasema, "huwa anasemaje?"