Nyama ya Kimeksiko kwa Baba Mkwe

Yusta Kalinga aliamka alfajiri ile ya Jumamosi akiwa ameshaamua kwamba leo lazima apendwe. Alikuwa na mimba ya miezi minne, alikuwa ameishi na Isakwisa hapo Ilomba mwaka mzima bila ndoa, na mchana huo baba yake Isakwisa, Mzee Andendekisye, alikuwa anakuja na mkewe kutoka Tukuyu kusema kama barua ya posa itakwenda kwao Mlandege, Iringa, au haitakwenda. Mzee hakuwahi kumwona Yusta hata mara moja. Alichosikia ni kwamba binti ni Mhehe na anajua kupika.

Kupika alijua, tena sana. Miaka mitatu alifanya kazi za ndani kwa mama mmoja wa Kimeksiko aliyekuwa anakaa karibu na Tosamaganga, na yule mama, kwa kupakumbuka kwao, alimfundisha nyama ya nguruwe ya huko mpaka mkono ukazoea. Sisi nguruwe wetu ni kitimoto: anakatwakatwa, anakaangwa, anawekewa ndizi na pilipili, watu wananawa wanaondoka. Hii ilitaka subira. Yusta alinunua bega zima, akalikata vipande vya ukubwa wa ngumi, akavipaka chumvi, vitunguu swaumu na bizari nyembamba, kisha akavitumbukiza kwenye mafuta ya nguruwe yaliyoyeyuka. Akakamulia machungwa matatu, akamwaga na kikombe cha maziwa, akapunguza mkaa. Saa tatu nzima nyama ilichemka taratibu, mpaka ukiigusa kwa uma inaachana yenyewe. Akaichambua nyuzinyuzi, akairudisha kikaangoni ikawa kahawia, kavu pembeni na laini ndani. Vichapati alivikanda kwa unga wa mahindi aliouchanganya na ngano, maana sembe peke yake inapasuka. Maparachichi yalikuwa tele. Aliyaponda na kitunguu, ndimu na pilipili.

Isakwisa alichungulia jikoni mara moja tu.

"Mzee akifika, wewe kaa humuhumu. Mama atapeleka chakula."

"Kwa nini? Unanionea haya?"

"Kaa tu, Yusta. Ni mambo ya kwetu." Akaondoka, macho kwenye simu.

Isakwisa alikuwa mtu wa kusema nusu na kuhesabu kwamba amesema yote. Mambo ya kwao yalikuwa haya: katika ukoo wa Mzee Andendekisye, Wanyakyusa walioshika mila barabara, mkamwana haonani na baba mkwe. Hamtazami, hakai naye chumba kimoja, hatamki jina lake, mpaka wazee wakae na ng'ombe atolewe. Anampikia, ndiyo, lakini chakula kinapelekwa na mwingine. Yusta hakuyajua hayo. Alikolelewa yeye, mkamwana asiyepiga magoti kumnawisha baba mkwe ndiye asiye na adabu.

Jackline, dada yake Isakwisa, aliyajua yote tangu ananyonya. Alikuwa na rafiki yake mwalimu kule Kyela aliyemtaka awe wifi yake, na hakupata kumsamehe Yusta kwa kuwahi. Aliingia jikoni akadokoa nyama, akafumba macho kwa utamu.

"Wifi! Leo mzee mwenyewe atakuchumbia."

Yusta akacheka. Kisha akamuuliza, maana lilikuwa linamkereketa: "Isa ananiambia nisitoke. Hivi kweli baba ataondoka bila kusalimiwa?"

Jackline akadokoa kipande kingine. Hapo alikuwa na nafasi ya kuwa mtu.

"Isa ana aibu zake tu," alisema. "Baba akikosa kunawishwa na mkwe wake atasema tumeokota mtu barabarani. Nenda na maji, piga magoti, umsalimie kwa jina lake. Anapenda sana kutajwa jina."

Basi Yusta akafunga khanga safi, na wageni walipokwisha fika akachukua jagi na beseni, akaingia sebuleni. Mzee alikuwa amekaa na mkewe na Isakwisa. Yusta akapiga magoti mbele yake kabisa, akamwangalia usoni kwa furaha yote aliyokuwa nayo.

"Shikamoo, baba Andendekisye. Karibu unawe."

Mzee alijifunika uso kwa kofia, akageukia ukutani kama mtu aliyemwagiwa maji ya moto. Mama yake Isakwisa akapiga ukelele. Maji yakamwagika kwenye zulia.

"Jamani, wifi!" Jackline alikuwa mlangoni, mkono kifuani. "Si uliambiwa ukae jikoni?"

"Wewe ndiye uliyeniambia nije!"

"Mimi?"

Mama akamgeukia mwanawe. "Isakwisa. Huyu hukumweleza mila?"

Yusta naye akamtazama. Neno moja la kweli lingetosha. Kosa lingekuwa la kijana msahaulifu. Angegombezwa, ng'ombe angetolewa, yakaisha.

"Nilimweleza," alisema Isakwisa. "Kila kitu."

Yusta alirudi jikoni, akakaa kwenye kigoda. Aliumia hata machozi hayakuja. Akamwona Jackline akipeleka sahani, akasikia vijiko, kisha sauti nzito ya mzee ikisema, "Ndaga fijo," asante sana ya Kinyakyusa, na mama akaitikia kwamba kweli, nyama hii ni ya kushukuru. Walikuwa wanakula. Mpishi alikuwa amewatia mkosi, lakini nyama haikuwa na kosa lolote.

Baadaye kidogo Isakwisa alikuja akasimama kizingitini.

"Mama anasema kesho upande basi uende Iringa."

"Na barua?"

Isakwisa akatoa simu mfukoni, akaitazama.

"Na mtoto, Isa?"

"Mtoto ni wa ukoo. Akikua tutamfuata." Alisema hivyo kwa upole, kana kwamba anamliwaza, akarudi sebuleni.

Jackline akaingia na sahani tupu iliyofutwa kwa kichapati.

"Baba anaomba tena, wifi. Halafu niambie, maziwa unatia kabla ya machungwa au baada? Maana ukishaondoka atanisumbua mimi."

"Baada," alisema Yusta. Lilimtoka kabla hajajizuia, na alijichukia kwa kulitoa.

"Baada. Haya, pakua basi."

Kikaangoni ilikuwa imebaki nyama kidogo aliyokuwa amejiwekea mwenyewe, kwa kuwa tangu alfajiri hakuwa amekula kitu na mtoto alikuwa ameanza kumdai. Yusta aliinuka akaipakua yote.