Friji Lisilogandisha

Odero alipokuwa hai alimtegea mama yake, Apiyo, kitendawili kilichomshinda kabisa. "Nina mwanangu, nikimlaza anaishi, nikimsimamisha anakufa." Apiyo akafikiri wee, akasema mtumbwi, akaambiwa sio. Akasema jembe, sio. Akaombwa mji. Akampa Musoma, kijana akakataa. Akampa Bukoba, akakataa. Akampa Mwanza yote pamoja na mawe yake, ndipo akakubali kumfungulia. Chupa ya divai, mama. Ukiilaza, kizibo kinabaki kimelowa. Ukiisimamisha, kizibo kinakauka, hewa inaingia, na divai inakufa humo ndani bila wewe kujua.

Siku hizo Odero alikuwa akifanya kazi kwenye mashamba ya zabibu kule Dodoma, na kila akija likizo nyumbani Kirumba, Mwanza, alikuwa na maneno ya namna hiyo. Mama yake alimcheka. Yeye tangu usichana wake alikuwa akiuza samaki pale Mwaloni, na hakuona kitu cha kujifunza katika kinywaji kinacholazwa kitandani kama mgonjwa.

Kisha Odero akashikwa na homa, na homa ile haikumwachia. Wakamzika kwao, Rorya. Mkewe Favour alirudi kutoka Dodoma na tumbo la miezi saba na kreti ya chupa za divai aliyoikamua marehemu kwa mkono wake, zabibu za mistari aliyoilima mwenyewe. Neno aliloliacha Odero lilikuwa moja tu: hizi ni za mtoto. Zisiguswe. Zifunguliwe siku ya harusi yake, ili na mimi niwe nimemwandalia wageni wake.

Mtoto akazaliwa wa kike, wakamwita Queen. Picha ya baba yake ilikuwapo, lakini ilikuwa ya kitambulisho, ndogo, ya mtu aliyekasirishwa na mpiga picha. Nguo zake ndugu walikwisha kugawana msibani kama ilivyo desturi. Kwa hiyo chupa zile ndizo zilizobaki. Apiyo alizilaza chini ya kitanda chake, akazifunika khanga, na kila alipofagia alifagia kuzizunguka kama mtu anayezunguka mtoto aliyelala.

Mwaka huu Queen alipotimiza miaka minne, walimwombea marehemu misa, na Apiyo akaona si vibaya kufungua chupa moja, katekista Paulo aionje kwa niaba ya wote. Paulo aliweka bilauri mdomoni, akaiteremsha taratibu. Alikuwa mtu mpole, akatafuta maneno. Akasema joto la bati limeanza kuiingia, mama. Bado inanyweka, lakini imekwisha kuanza safari ya siki. Zilizobaki zikiendelea kukaa chini ya kitanda, mtoto huyu ataolewa na siki. Akamshauri atafute friji la divai, lile lenye kioo, aliloliona kwa maaskofu.

Basi Apiyo hakulala vizuri tena. Alivunja kibubu chake, akachangisha na akina mama wa kikundi chao, na Jumamosi moja akamchukua Favour wakaenda Mabatini, kwenye duka la vyombo vya umeme la kijana mmoja aliyeitwa Ngosha.

Ngosha aliwaamkia vizuri, shikamoo mama, marahaba, akawavutia viti. Aliposikia divai, akafurahi, maana alikuwa nalo moja, lililoagizwa na hoteli fulani ambayo baadaye ilighairi, na limekaa dukani hadi watoto wa mtaa wamelizoea. Lilikuwa jembamba, jeusi, mlango wa kioo, ndani rafu za mbao zenye mikunjo, kila mkunjo unatosha chupa moja kulala. Taa yake ya bluu ilikuwa imetulia kama ya kanisani. Favour aliliangalia, na Apiyo akaona uso wa mkwewe umelainika, jambo ambalo hakuwa ameliona kwa muda mrefu.

Apiyo akafungua mlango, akaingiza mkono.

Pale Mwaloni kuna namna yao ya kupima sanduku la barafu. Hutazami kipimajoto, wala humuulizi mwenye sanduku, maana atakudanganya. Unalamba kidole, unakibandika ukutani kwa ndani. Kikinata, baridi ipo, samaki wako watafika. Kikiteleza, chukua samaki wako uondoke. Apiyo alikuwa amepima masanduku kwa kidole kile maisha yake yote, na hakuna sangara aliyewahi kuozea mikononi mwake. Akakilamba. Akakibandika. Kikateleza.

"Baba, hili ni bovu," alimwambia Ngosha.

Ngosha akacheka, akaeleza kwamba ndivyo lilivyotengenezwa. Divai inataka ubaridi kidogo tu, kama wa alfajiri, halafu usibadilike. Halitakiwi kugandisha.

"Friji lisilogandisha ni kabati," akasema Apiyo. "Mimi kabati ninalo."

Wateja wengine wawili wakacheka, na yeye akapata nguvu. Akageukia friza kubwa nyeupe iliyokuwa imelala karibu na mlango, akainua mfuniko, akalamba kidole. Kilinata hadi akakibandua kwa nguvu, ngozi ikabaki na alama. Akawaonyesha watu kile kidole. Akauliza kama kuna mwenye swali.

Favour alikuwa amesimama nyuma yake. Alisema kwa sauti ya chini, akiwa anaangalia sakafu, "Mama, yeye alikuwa akisema divai haipendi baridi kali."

Apiyo hakugeuka hata. Akasema kwamba huyo yeye, mwanawe, alisomeshwa na barafu, akavishwa na barafu, na hata mahari ya Favour ilitoka kwenye barafu, sasa barafu leo imekuwa adui wa nani? Watu wakacheka tena. Ngosha naye alikuwa mfanyabiashara. Alisema tena mara moja, mama, kwa divai ningekushauri hili dogo, kisha akaona friza ni bei nzuri zaidi na mteja amekwisha amua, akaita guta la kubebea mzigo.

Walifika Kirumba mchana. Vijana wakaibeba friza juu ya mawe hadi mlangoni, majirani wakitoka kutazama. Apiyo aliiacha ipoe, kisha akapiga magoti, akazitoa chupa moja moja chini ya kitanda. Alizifuta vumbi. Alizifunga kila moja kwa kipande cha khanga, akazilaza, shingo zote upande mmoja, maana hilo alikuwa amefundishwa na mwenyewe. Akateremsha mfuniko, akaulalia kidogo kwa kifua. Queen akauliza ndani kuna nini. "Baba yako yumo humo," bibi akasema, na kwa mara ya kwanza tangu ile misa akala ugali ukamshuka.

Kesho yake, Jumapili, walirudi kutoka kanisani wakakuta kimya cha kawaida, umeme upo, friza inanguruma vizuri. Apiyo hata kilemba hakutoa. Akaenda moja kwa moja kuinua mfuniko.

Alidhani kwanza ni damu. Vipande vya khanga vilikuwa vimesimama vigumu kama ngozi kavu, vyekundu. Chupa tatu zilikuwa zimepasuka shingoni. Nyingine zilikuwa nzima, lakini vizibo vilikuwa vimesukumwa nje, kila kimoja kimekaa juu ya kijiti cha barafu nyekundu, kama ulimi. Alichukua moja, akakikandamiza kizibo kwa kiganja kukirudisha. Hakikurudi. Akachukua nyingine. Aliendelea hivyo, chupa baada ya chupa, viganja vikinata na kubanduka, hadi Favour akaja kumshika mikono.

Wakampigia simu katekista Paulo. Akasema iliyomwagika imemwagika, na hiyo iliyobaki, ikiyeyuka, kwa kuwa hewa imekwisha ingia, haitakaa. Ni ya kunywa leo au kesho. Apiyo akamuuliza kama ikifungwa tena vizuri, kwa nta, kwa plastiki, kwa chochote. Paulo akasema hapana, mama. Pole sana.

Walikaa jikoni na ndoo waliyotia chupa ziyeyukie humo.

"Mbona hukuniambia?" Apiyo akauliza.

"Nilikuambia, mama. Dukani."

"Uliniambia mara moja."

"Ya pili ningekuwa nakujibu mbele za watu."

Apiyo mwenyewe hakuwahi kumjibu mama mkwe wake mara mbili, tangu anaolewa hadi anamzika. Na pale Mwaloni alikuwa akimsifu Favour kwa jambo hilohilo, akiwaambia wenzake, nyie mna wakwe wenye midomo, mimi wangu nikisema jua ni jeusi anaenda kuwasha taa. Alikuwa akilisema kwa fahari. Akatamani kumwambia mwanamke huyu kwamba safari nyingine amjibu tu, hata mbele ya soko zima, lakini safari nyingine ya nini? Hakukuwa na kingine cha kutunza.

Favour akainuka, akaleta kikombe kidogo cha plastiki cha mtoto. Akamimina divai kidogo, haikujaa hata kidole. Akamwita Queen kutoka uani.

"Usimpe," Apiyo akasema.

"Ni yake, mama. Tukimwaga bila yeye kuionja, itakuwa hakuachiwa kitu."

Mtoto alikuja na mchanga magotini. Akaambiwa hii ni divai aliyoitengeneza baba yako, akatazama kikombe kwa heshima kubwa, akakishika kwa mikono miwili. Akanywa. Uso ukakunjamana wote, akatema sakafuni, akafuta ulimi kwa kiganja. Akasema ni chungu. Akauliza kama ndani ya friza kuna na soda.

Favour akasema haimo. Mtoto akatoka mbio kurudi kwa wenzake, na wao wawili wakabaki wakisikiliza ule mchezo wa uani, mmoja akihesabu, wengine wakijificha nyuma ya mawe. Favour alikunywa kilichobaki kikombeni. Akasema ilikuwa nzuri, ilikuwa bado nzuri, na akaenda chumbani akafunga mlango.

Jua lilipokuwa likiteremka Apiyo alimwogesha mjukuu wake, akamketisha mapajani kumpaka mafuta. Alimsugua magoti, viwiko, shingo. Alitaka kuuliza akaogopa, akauliza.

"Ile divai ya baba, mjukuu wangu, ilikuwaje mdomoni? Hebu nieleze polepole, nisikie."

Queen alifikiri kwa kumpendeza bibi, kama anavyofanya akitegwa kitendawili.

"Divai ipi, bibi?" akasema.