Sinia Lenye Madonge

Agosti ilipowadia, mapaa bapa ya mji wa Mahdia yalitandikwa shuka nyeupe, na wanawake wakaketi kuviringisha unga wa ngano uwe chenga za kuskusi ya mwaka mzima. Dalenda alikaa kati ya bibi yake Mannoubia na shangazi yake Chrifa. Chini ya mtandio wake, waya mwembamba ulipanda hadi sikioni.

Aliacha shule darasa la tano, mama yake alipougua. Miaka ikapita, ndipo akagundua kwamba vyuo vikuu huweka masomo mtandaoni bure, mtu akajichagulia mwenyewe. Akajichagulia kama mwenye njaa mbele ya futari: sheria, uhasibu, malezi, elimu ya miamba. Akaonja yote, asimalize hata moja. Asubuhi hiyo alijiapiza kimoyomoyo: atasikiliza mwanzo wa kila somo, somo moja kwa sinia moja la kuskusi, kisha achague. Akishindwa, atafuta yote wala hatajidanganya tena.

"Dalenda, nipe chumvi," shangazi alisema.

Dalenda alibaki ameinamia sinia lake.

"We Dalenda." Shangazi akamgeukia bibi. "Mama, huyu ana mchumba sikioni. Anaposwa hapa hapa mbele yetu."

Chrifa akauvuta waya. Sauti ya mzee ikatoka kwenye simu, ikieleza taratibu jinsi mchanga wa pwani unavyogandamizwa hadi ukawa jiwe.

"Mchumba mwenyewe kikongwe," alisema Chrifa, "na maneno yake mawe matupu."

Dalenda aliinamisha uso, akaeleza yote kwa sauti ndogo. "Nimeshindwa kuchagua, shangazi. Pengine sikuumbiwa kusoma."

"Si uchague uhasibu, upate kazi? Mawe yamejaa tele kule makaburini."

Bibi alivuta chekeche na sinia la kwanza. "Hapa ulikuwa unasikiliza nini?"

"Sheria."

Chenga zilipita zote, sawasawa. La uhasibu likapita laini zaidi, la malezi vilevile. Sinia la nne likagoma. Madonge makubwa kama dengu yalibaki juu ya chekeche, maana unga uliorushiwa maji hausubiri. Mkono ukisimama, unga unashikamana.

"Nisamehe, bibi. Nimeuharibu."

"Tangu utoto wako nakufundisha mkono usisimame. Leo umesimama. Kwenye somo gani?"

"La miamba."

"Basi umeshachagua, mjukuu wangu. Ni vile tu hujajiambia."

"Mama, unamchagulia mtoto somo kwa madonge?" Chrifa aliuliza.

"Wewe nilikuchagulia mume kwa kumtazama anavyokula. Umejuta?"

"Kidogo."

Bibi alicheka mpaka mabega yakatikisika, akayamimina madonge kwenye bakuli. "Haya ni ya supu. Yana utamu wake."

Dalenda alifuta masomo matatu, moja baada ya jingine, na kidole hakikusita. Alipotaka kuurudisha waya sikioni, bibi akamshika mkono.

"Hapana. Iegemeze simu kwenye kopo la chumvi, tumsikie wote huyo mzee wako. Na atakayeleta madonge, asiniambie unga ni mbaya."

Sauti ikaanza upya, kutoka kwenye ule mchanga wa pwani. Chrifa alinung'unika kwamba kichwa chake kitauma. Ila hakuomba chumvi tena mpaka somo likaisha.