Presha ya Kupimwa Mpaka Ishuke

Kitinda mimba aliingia nyumbani mbio, mdomo umejaa habari: amefaulu uuguzi, jamani! Hata viatu hajavua, akamkuta mama yake sebuleni, mkono umefungwa kwenye mashine mpya ya betri ya kupimia presha.

"Ngoja, mwanangu, usinisemeshe. Hii leo ina kiburi."

Mia moja sabini na nane. Mama akasonya, akabonyeza tena. Mia moja arobaini na moja. Akabonyeza tena. Mia moja ishirini na mbili.

"Haya! Hiyo ndiyo yangu." Akaiandika kwenye daftari.

Binti akalivuta daftari. Miezi miwili, namba tamu tupu. "Mama, kila siku unapima mpaka ishuke?"

"Si lazima ipate moto kwanza, kama pasi? Na kwa namba hizi, dawa za nini? Wiki ya tatu hii nimeziacha."

Habari zake zikamkauka mdomoni. Akakimbia nyumba ya pili kumwita shangazi yake, muuguzi mstaafu, aje na kipimo chake cha kupampu.

"Wifi," shangazi akaanza mlangoni, "umejinunulia redio ya kukuimbia unachotaka?"

"Wivu huo! Chako kimezeeka kama mwenyewe."

Wakacheka. Shangazi akafunga kitambaa, akapampu, akaachia upepo taratibu huku anasikiliza. Kicheko kikamkatika. Akarudia mkono wa pili. Kisha akamvalisha binti vile vya masikioni vya kusikilizia mapigo.

Du, du... kimya. Dududu. Kimya tena, kirefu. Kumbe mashine haikuwa mbovu. Kila kitufe kilipobonyezwa ilikuta moyo unaenda vingine, na mama akawa anachagua namba anayoipenda. Darasani walishafundishwa: moyo wa mwendo huo damu hugandia ndani yake, na donge likipanda kichwani...

"Mia mbili na kumi, nadhani," shangazi akasema kwa sauti ndogo. "Nadhani tu, maana moyo haushikiki. Tafuta gari."

Binti akaweka simu sikioni.

"Mnanitisha bure nyie," mama akasema. "Basi ngoja nikachukue mtandio, nisiende kama nimefukuzwa."

Akainuka. Mguu wa kulia ukapiga hatua. Wa kushoto ukabaki pale pale, na mama akauangalia kwa mshangao, kama wa mtu mwingine.

"Halo?" dereva akauliza. "Halo? Mtaa gani, dada?"