Sahani ya Theuri

Nyumbani kwa Njoki, Krismasi haikuanza kanisani wala redioni. Ilianza pale mvuke ulipokoma kutoka kwenye sahani ya Theuri.

Ndivyo ilivyokuwa tangu mwaka ule kijana huyo, mwana wa Njoki, alipoingia msituni, juu ya Naro Moru, kukata tawi la mtarakwa la kupamba sebule. Majirani walimtafuta hadi wakachoka. Walichookota ni tawi lenyewe, limelazwa katikati ya njia, limekatwa vizuri, kana kwamba aliliweka chini ili aitike alipoitwa.

Tangu hapo, mbuzi akishachinjwa, mbavu za kwanza zilikuwa za Theuri, na chapati ya kwanza pia. Sahani iliwekwa juu ya kigoda kilichotazama mlango, mlango ukaachwa wazi, na hakuna aliyeruhusiwa kulamba hata kidole kabla chakula hicho hakijapoa. Kisha mama yake alikibeba mwenyewe hadi kwenye ua wa miti, mpakani na msitu. Kesho yake sahani ilikuwa tupu, imeng'aa.

"Ni mbwa," Anko Gicheru, shemeji yake Njoki, alipenda kusema. Lakini mbwa wa nyumba ile hakukaribia ua. Hata akitupiwa mfupa upande ule, aliutazama tu kwa huzuni.

Wachuka, bintiye Njoki, alifika kutoka Wang'uru alikofanya kazi kwenye kinu cha mpunga, akiwa amebeba mchele wa pishori kama kila Disemba. Alimkumbatia mama yake akahisi mifupa ndani ya koti. Kila mwaka Njoki alikuwa amepungua, lakini mwaka huu kulikuwa na koti zaidi kuliko mtu. Lilikuwa koti la kanisani. Na viatu vya kanisani. Na kando ya mlango, begi lililofungwa zipu.

"Mami, unasafiri?"

"Nisafiri wapi na mbuzi iko kwa moto."

"Na hiyo begi?"

"Niko na blanketi huko ndani, na sweta ya Theuri. Anasema huko kuna baridi."

Gicheru, aliyekuwa akijaza nyama kwenye utumbo wa mutura juu ya karai, alicheka. "Ati anasema. Sasa amenunua simu?"

"Anaongea akikula," Njoki akajibu, bila kukasirika. "Wewe ndio unakula ukinyamaza kama ng'ombe. Na mwaka huu amekataa niache sahani kwa ua. Anataka nimpelekee mwenyewe, mpaka kwake."

Gicheru hakucheka tena. Alimtazama Wachuka, kisha akainamia mutura yake, kwa maana alikuwa mtu wa mzaha, na mzaha ulikuwa umemwishia.

Wachuka alijaribu kila njia. Alificha begi, mama yake akalitoa. Alisema watapita pamoja kumwona daktari Nyeri mjini. Mama yake akasema ndiyo, Januari, kwa sauti ya mtu anayemwahidi mtoto peremende. Alimwomba ale kidogo, hata supu.

"Nitakula na yeye," Njoki akasema. "Amekula peke yake siku nyingi sana, maitu."

Alimwita hivyo, mama yangu, kwa sababu Wachuka alikuwa amepewa jina la nyanya yake, yule aliyemzaa Njoki.

Alasiri, ukungu ulishuka kutoka mlimani, ukajaza shamba la viazi, ukasimama kwenye kizingiti kana kwamba unangoja kukaribishwa. Mbavu ziliiva. Chapati ya kwanza ikatoka. Njoki akaweka sahani juu ya kigoda, na wote watatu wakakaa kuungoja mvuke ukome.

Mvuke ulipanda wima, mweupe. Kisha ukapinda.

Ulipinda kuelekea ndani, ukatulia, ukapinda tena. Hakukuwa na upepo, pazia halikutikisika. Wachuka alitazama muda mrefu kabla ya kukubali alichokiona. Hivyo ndivyo mvuke unavyofanya mtu akipuliza chakula cha moto kabla ya kuuma.

"Umeona?" Njoki alinong'ona, uso umechangamka kama wa bibi arusi. "Ana haraka."

Alisimama, akatundika begi begani, akanyoosha mikono kuichukua sahani. Nje, kwenye ukungu, miguu ilisogea kwenye majani makavu ya mahindi. Haikuwa inakaribia. Ilikuwa inatangulia, ikisimama kidogo, kama ya mtu anayekuonyesha njia.

Gicheru alianza kuomba kwa Kikuyu, haraka haraka.

Wachuka akainyakua sahani kabla mama yake hajaigusa. Akakaa juu ya kigoda, akaupa mlango mgongo.

"Inuka hapo," Njoki alisema. "Hiyo si yako."

"Keti chini, Njoki."

Hakuwahi kumwita mama yake kwa jina. Lilimtoka kwa sauti nzito, ya mwanamke mzee aliyezoea kutiiwa, na Njoki, begi bado begani, akakaa sakafuni kama msichana mdogo.

Wachuka akauma ubavu. Ulikuwa unatoa mvuke, lakini mdomoni ulikuwa baridi kama maji ya mto wa barafu. Meno yalimwuma hadi masikioni. Akatafuna. Akameza. Nyuma ya shingo yake kitu kilipumua, pumzi yenye harufu ya mtarakwa uliokatwa sasa hivi, na sauti ya ndugu yake, ile ile, ikasema polepole, "Wachuka, hiyo ni yangu."

Hakugeuka. Alikunja chapati, akapangusa nayo mafuta, akala mpaka sahani ikawa tupu. Kisha akanyoosha mguu nyuma, akausukuma mlango kwa kisigino ukajifunga.

Kitu kiliegemea mlango upande wa pili. Mbao zililia. Baadaye kidogo hakukuwa na kitu, ila mbwa, aliyebweka kuelekea ua kwa mara ya kwanza.

Njoki alilia bila sauti, begi likiwa mapajani. "Umekula chakula ya mtoto wangu. Amerudi na njaa. Siku ya Krismasi."

Gicheru akamgusa Wachuka begani. "Mwombe mamako msamaha, yaishe. Na huyo kijana pia, popote alipo. Ni neno tu."

Wachuka alipakua wali, akaweka juu yake nyama, akaisukuma sahani mbele ya mama yake. Mikono yake ilikuwa bado baridi.

"Siombi," alisema. "Si kwake, si kwako, Mami. Kula."