Duara Lililokataa Kulala

Duara langu la kwanza la kufuma lilikataa kulala. Nililitandika juu ya meza ya jikoni kwa Mama Orpha, mama mkwe wangu, nikalikandamiza kwa kiganja, na nilipoondoa mkono likainua kingo zake tena. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Mwanangu alikuwa amefungiwa kwenye kijumba cha mawe kule makaburini, akisubiri ardhi iyeyuke.

Kwetu Maine, kaskazini mwa Marekani, anayefariki Januari hazikwi Januari. Ardhi imeganda, sururu hudunda tu. Maiti huwekwa mle kijumbani, ufunguo hukaa kwa mzishi, na watu huendelea kula maharage yao ya Jumamosi mpaka Mei. Nilikua na desturi hiyo na sikuwahi kuiona mbaya. Mwaka ule wa 1961 niliichukia.

Nilijifungua kabla ya siku zangu. Daktari alinichoma sindano ya usingizi, na nilipozinduka hapakuwa na mtoto wala kitanda cha mtoto. Merle, mume wangu, alikuwa amekwama na gari kwenye theluji, kwa hiyo aliyempokea marehemu mikononi ni mama yake. Nilimuuliza mara moja tu, nikiwa bado hospitalini.

"Alikuwaje, Mama?"

"Kunywa supu yako."

Wote walinijibu hivyo, kila mtu kwa maneno yake. Bado kijana wewe. Utapata mwingine. Merle naye, kila nilipofungua mdomo, alivaa koti akaenda ghalani kukagua viazi, kana kwamba viazi vina miguu. Nilichokitaka kilikuwa kidogo sana: mtu mmoja aniambie mwanangu alifananaje, kabla udongo haujamfunika.

Februari Mama Orpha akaniita kwake, akanitia mkononi kulabu ya kufumia na donge la uzi wa manjano. "Mikono yako inakaa bure. Keti."

Akina mama wa kanisani walimwita Mfumuaji, nyuma ya mgongo wake bila shaka. Alikuwa akipokea kazi yako, anakuulizia hali ya mama yako, na huku anavuta uzi mpaka kazi yote imeisha mapajani mwake. Hakuwa na dogo.

Tulianza na mraba. Wangu ulianza na vitanzi ishirini ukaishia na tisa.

"Nilikuomba pembetatu?"

"Hapana, Mama."

"Unakiacha kitanzi cha mwisho, kila mstari. Kinajibana pale pembeni, unadhani hakipo. Kipo. Kihesabu."

Akavuta uzi. Kazi yangu ya siku mbili ikawa rundo la nyuzi zilizojikunja. Nikarudia, akafumua. Nikarudia. Nilimchukia, na kila asubuhi nilivaa viatu vya theluji nikaenda kwake, kwa sababu nilipokuwa nikihesabu nilipata nafasi ya kupumua.

Machi tukaingia duara. Anza na vitanzi sita katikati, kisha kumi na mbili, kisha kumi na nane. Kila mzunguko ongeza sita, na duara litalala lenyewe. Nilikuwa kwenye thelathini pale gari jeusi la mzishi lilipopita dirishani, likipanda kuelekea makaburini na mgeni mwingine wa kusubiri Mei. Mikono yangu iliendelea kufuma. Kuongeza nikasahau. Nilizunguka na kuzunguka, thelathini juu ya thelathini, mpaka nilipotazama chini nikakuta kingo zimesimama kama za bakuli.

Mama Orpha akanyoosha mkono. Nikampa, nikisubiri avute.

Hakuvuta. Alilivisha duara juu ya ngumi yake, akaligeuza huku na huku. Kisha akafungua vidole taratibu mle ndani, kama mtu anayeshikilia kisogo cha mtoto mchanga. Birika likachemka jikoni na hakuna aliyeinuka.

"Ongeza mizunguko miwili," akasema. "Vitanzi usiongeze."

"Lakini nimekosea, Mama."

"Leona. Ongeza miwili. Litamtosha."

Mwenye kovu usidhani kapoa. Miezi miwili nilimdhani mwanamke wa jiwe, kumbe ule mkono ulikuwa umebeba kipimo cha kichwa cha mwanangu siku zote, na haukujua pa kukiweka. Nikalia kwa sauti, kilio nilichokatazwa tangu Januari. Safari hii hakutaja supu. Nilifuma mizunguko ile miwili bila kuona chochote, naye akanihesabia.

Siku hizi mimi nafundisha wanaoanza kufuma, kwenye maktaba ya mji, kila Alhamisi: mraba, pembetatu, duara. Duara la mtu likiinuka sigusi uzi wake. Namuuliza kwanza kama anataka lilale. Wengi hucheka, wanasema ndiyo. Wachache hunyamaza, na hao nawasogezea kiti.

Machi ile, kesho yake baada ya kilio changu, Mama Orpha aliweka lile duara, sasa kofia, kwenye mfuko wa koti. Mzishi alikuwa binamu yake, na mjini kwetu hakuna aliyewahi kumkatalia Mama Orpha kitu. Nilitaka kwenda naye makaburini.

"Wewe baki," akasema. "Mimi nilishamwona."

Nilisimama dirishani mpaka miguu ikafa ganzi. Aliporudi alikung'uta theluji mlangoni, akavua glavu kidole kimoja kimoja, akaketi mahali pake.

"Imemkaa," akasema.

Nikadhani amemaliza. Akashika kulabu yake, akaiweka tena chini.

"Ana nywele. Nyingi. Nilizipenyeza ndani ya kofia, lakini za kisogoni zilikataa."

Nikainama kuelekea kwake. "Za rangi gani, Mama?"

Alinyoosha mkono juu ya meza, akanishika kishungi kilichoniangukia usoni, akakitazama kwenye mwanga wa dirisha.

"Hii."