Koo wa Wagaye

Vitunguu vya mchuzi wa Pasaka vilikuwa vikinukia jikoni Wagaye alipomkuta koo wake, yule kuku wa mayai, nyuma ya ghala, kajikunyata, mdomo wazi, mkia ukipanda na kushuka. Anasukuma, hakitoki kitu.

"Usimguse!" Mama Itagegn, mama mkwe wake, alikuwa keshafika nyuma yake. "Yai limemkwama huyo. Mwenye mimba kama yako hashiki kitu kilichoshindwa kuzaa. Demelash! Njoo umchinje kabla hajajifia, tusije tukamtupia fisi."

Demelash akaja na kisu. Mfungo mrefu ulikuwa umemkausha, na nyama ilimwingia akilini kabla ya huruma.

Wagaye akamkumbatia koo juu ya tumbo lake kubwa. "Rudisha kisu, mume wangu. Na mimi nikikwama, utaninolea kipi?"

Demelash akakirudisha kisu jikoni. Mama yake akageuza uso, akajivutia shuka mabegani.

Wagaye akamkalisha koo kwenye beseni la maji vuguvugu. Kisha akapaka kidole samli, akakiingiza polepole. Yai lilikuwepo, ganda laini kama ngozi. Likipasukia ndani, koo amekwenda. Akamsukuma koo tumbo kidogo, kidogo tena. Jasho likamwingia machoni.

Likapasuka.

Ute uliochanganyika na damu ukamwagika, na nyama nyekundu ikachungulia nje. Kuku wengine wakaona wekundu ule, wakaja mbio kudonoa.

"Mama, nisaidie! Watamla mzima!"

Mama Itagegn alisimama pale pale, mikono ndani ya shuka. Koo akalegeza shingo. Ndipo yule mama akaokota fimbo, akawatimua kuku, akapiga magoti kwenye tope na nguo yake ya sikukuu.

"Nipe mimi nimshike. Ganda usilivute, mtoto wewe, utamchana! Ngoja asukume mwenyewe... Haya, sasa!"

Vipande vikatoka kimoja kimoja, Wagaye akivipanga kiganjani ahakikishe hakuna kilichobaki. Mama Itagegn akaagiza asali, akaipaka ile nyama iliyovimba mpaka ikanywea, akairudisha ndani kwa kitambaa safi. Koo akafunikwa kapuni, gizani, mbali na wenzake.

Wakakaa kumsikiliza. Kimya. Wagaye alitaka kufunua, mkwewe akamshika mkono, na hakuuachia hata kidogo.

Jua lilipokaribia kuzama, wakasikia mdomo ukigonga bakuli la maji.

"Demelash," akaita Mama Itagegn, "mkamate jogoo."

"Jogoo wangu, mama? Kosa lake nini?"

"Hakimuumi kitu, huyo. Mkamate, mchuzi unamngoja!"

Koo alipona, ingawa kwa muda mrefu hakutaga. Wagaye akawa anamsagia maganda ya mayai na kumchanganyia kwenye nafaka. Alipoanza tena, yai la kwanza aliliokota Mama Itagegn, akalibonyeza kwa kidole gumba, akaona ni gumu, akaenda kumwonyesha Wagaye kitandani alikokuwa amelala na mtoto.